Hedseti ya kompyuta kwenye redio ya HF (mawimbi mafupi): pima volti ya maiki kabla hujashika pasi ya kulehemu

MawimbiMafupi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Uzi huu ni wa watu wa redio za ridhaa, wenye leseni na wanaoisubiri. Nimetumia maiki ya mkononi kwa miaka, na kila usiku ilikuwa taabu ileile: mkono mmoja umeshika maiki, wa pili uko kwenye kitasa cha masafa, na daftari la mawasiliano linangoja mkono wa tatu. Spika nayo inaamsha nyumba nzima, maana banda (fungu la masafa) ya mita 40 huku kwetu Morogoro inachangamka usiku, watu wamelala.

Hedseti zilizotengenezwa maalumu kwa redio hizi zipo. Marehemu Bob Heil wa Illinois, Marekani, ambaye hewani alijulikana kama K9EID, alizitengeneza kwa miongo kadhaa mpaka alipofariki mwaka 2024, na ni nzuri kweli. Lakini ukijumlisha bei, usafiri na ushuru, wengi wetu hatuziwezi. Mimi nilinunua hedseti ya kompyuta, ile ya vikao vya mtandaoni, kwa shilingi 15,000. Huu ni mwezi wa nane iko kwenye redio yangu, Icom IC-718, na inafanya kazi vizuri. Nitaeleza nilivyofanya, na hasa jambo moja ambalo watu wanaliruka.

Jambo lenyewe ni volti. Maiki iliyo kwenye hedseti za kompyuta na simu ni kapsuli ya elektreti. Aina hii ilibuniwa mwaka 1962 na James West na Gerhard Sessler wakiwa Bell Labs. Ngozi yake ina chaji ya kudumu, lakini ndani ya kile kikopo kidogo kuna transista, na transista haifanyi kazi bila umeme. Kwa hiyo kapsuli inahitaji volti chache zije kwa waya uleule unaopitisha sauti. Simu na kompyuta zinatoa volti hiyo. Redio yako je? Nyingine zinatoa, nyingine hazitoi kabisa, kwa sababu ziliundwa kwa maiki za koili ambazo haziombi umeme wowote.

Basi kabla hujakata waya, washa redio, ondoa maiki ya mkononi, weka mita kwenye volti za DC, pima kati ya pini ya maiki na ethi (upande wa ardhi) ya maiki. Ukiona volti, kapsuli yako italishwa na redio yenyewe. Ukiona sifuri, itabidi uitafutie umeme kwingine.

Icom wanatoa, kwenye pini ileile ya maiki. Kwenye plagi yao ya pini 8, pini 1 ni maiki, 2 ni volti 8 za ziada (usivute zaidi ya mA 10 hapo), 5 ni kitufe cha kurushia, 6 ni ethi ya kitufe, 7 ni ethi ya maiki. Kwa hiyo kwangu kazi ilikuwa nyepesi: kapsuli upande wa plasi kwenye pini 1, upande wa ethi kwenye pini 7, basi.

Hesabu pini kwa makini. Kwenye plagi hizi pini saba ziko duara na ya nane iko katikati. Ukiitazama kwa mbele na ukiitazama upande wa kulehemu, mpangilio unageuka kama kwenye kioo. Namba zimechorwa kwenye plastiki karibu na kila pini, ndogo sana. Mimi nilizisoma kwa kamera ya simu nikikuza picha. Usiamini mchoro kabla hujajua umechorwa kutoka upande gani.

Sasa waya wa hedseti. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Ukimenya lile ganda la nje hukuti waya wa kawaida. Unakuta nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani, bluu na za rangi ya shaba, zimesokotwa pamoja na uzi wa nguo. Rangi hiyo ni vanishi, na ndiyo inayotenganisha nyuzi zisigusane. Risasi haishiki juu yake hata ubembeleze vipi. Ukikwangua kwa wembe, nusu zinakatika. Njia iliyonifaa: chukua tone kubwa la risasi kwenye ncha ya pasi iliyopata moto hasa, tumbukiza ncha ya uzi ndani ya tone hilo, tulia sekunde tatu au nne. Utaona moshi kidogo, vanishi inaungua, halafu ghafla risasi inang'aa na kupanda kwenye uzi. Ukiona huo mng'ao, umeshika. Fanya dirisha likiwa wazi, moshi ule si wa kuvuta.

Kama hedseti yako ina plagi moja ya simu yenye mikanda mitatu myeusi, usiikate. Nunua kile kigawanyio cha waya chenye matundu mawili, moja la maiki na moja la masikio, kinauzwa kwenye vibanda vya simu. Kata waya wa kigawanyio upande wa maiki. Ukikosea umeharibu kitu cha bei ndogo na hedseti iko salama. Mpangilio wa plagi nyingi za sasa, kuanzia nchani: sikio la kushoto, sikio la kulia, ethi, maiki. Hedseti za zamani huwa na ethi na maiki zimebadilishana nafasi, ndiyo maana hapa pia mita ni lazima.

Kuhusu kitufe cha kurushia nimejaribu mambo matatu. VOX, yaani redio kurusha yenyewe ikisikia sauti, niliitumia siku mbili. Jogoo wa jirani akiwika, redio inarusha. Adhana ya alfajiri, redio inarusha. Nikaizima. Halafu nikafikiria pedali ya cherehani ya umeme, lakini nilipoifungua nikakuta ni ya kupunguza na kuongeza mwendo, ndani yake kuna ukinzani, si swichi. Mwishowe nilichukua kitufe cha kengele ya mlango, nikakifunga juu ya kipande cha ubao wa mninga, nikaweka raba ya kandambili chini ubao usiteleze. Nyaya mbili kwenda pini 5 na 6. Mguu unakanyaga, mikono yote iko huru.

Karibuni maswali.

---

Kiko_Nakuru

Ahsante sana kwa uzi, umeeleza poa. Mimi sina HF bado, niko na redio ndogo ya mkononi tu, Baofeng UV-5R, kwa banda ya mita 2. Nilitengeneza waya wa earphone za simu, lakini nikichomeka tu redio inaanza kurusha yenyewe bila kubonyeza kitu. Shida ni gani?

---

MawimbiMafupi

@Kiko_Nakuru karibu ndugu yangu. Najua ulichofanya, kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo.

Baofeng ina plagi mbili, ya milimita 3.5 na ya 2.5. Shina la ile ya 2.5 ni ethi halisi ya redio, na ncha yake ni spika. Kwenye ile ya 3.5, mkanda wa kati ni plasi ya maiki, na shina lake ndilo kitufe. Redio inarusha pale shina la 3.5 linapogusana na shina la 2.5. Sasa earphone za simu zina ethi moja ya pamoja kwa masikio na maiki. Wewe umeifunga kwenye mashina yote mawili, kwa hiyo umekibonyeza kitufe moja kwa moja.

Fungua tena. Ethi ya earphone ipeleke kwenye shina la 2.5 peke yake. Maiki iende kwenye mkanda wa 3.5. Shina la 3.5 lisiguse chochote isipokuwa swichi, na upande wa pili wa swichi uende shina la 2.5. Volti ya kapsuli redio inaitoa yenyewe, huhitaji kuongeza kitu.

---

Kiko_Nakuru

Imekubali!! Nimetumia swichi ya kubonyeza ya redio kaseti mbovu. Mungu akubariki.

---

Dipoli_Tanga

Mkuu MawimbiMafupi, mimi nina Kenwood TS-590S. Plagi yake nayo ni ya pini 8, ya duara, sawasawa na yako. Nimefunga kama ulivyoandika, maiki 1 na 7, swichi 5 na 6. Nikikanyaga haifanyi chochote. Nikirusha kwa kitufe cha kwenye redio, inarusha lakini sauti hakuna, kimya kabisa. Je, hedseti imekufa?

---

MawimbiMafupi

@Dipoli_Tanga chomoa hiyo plagi sasa hivi, halafu endelea kusoma.

Kosa ni langu kwa kutosisitiza. Plagi ni moja lakini kila kampuni inapanga kivyake. Kwa Kenwood pini 1 ni maiki na 7 ni ethi ya maiki, hapo umepatia. Lakini kitufe kiko pini 2, ethi yake pini 8, na pini 5 ndiyo inayotoa volti 8! Ungekuwa umeunganisha 6 na 7 pamoja ndani ya plagi, kama wengi tunavyofanya kwa Icom kuokoa waya, kila ulipokanyaga ungekuwa unapeleka zile volti 8 moja kwa moja kwenye ethi. Tafadhali pima: redio ikiwa imewashwa, kati ya pini 5 na 7 kuna volti ngapi? Na kati ya 1 na 7?

Kwa wenye Yaesu za plagi ya duara, wao wana mpango wa tatu: 8 ni maiki, 7 ethi ya maiki, 6 kitufe, 5 ethi, na volti 5 ziko pini 2. Andika karatasi ibandike ndani ya boksi lako la vifaa.

---

Dipoli_Tanga

Nimepima. Pini 5 iko 7.9. Pini 1 iko sifuri. Swichi niliifunga 5 na 6 tu, sikuunganisha kitu kingine.

---

MawimbiMafupi

Alhamdulillah, hakuna kilichoungua. Na hiyo sifuri ndiyo jibu la ukimya. Hedseti yako ni nzima, ina njaa tu.

Fanya hivi. Kutoka pini 5 weka rezista ya kilo-ohmu 10 kwenda kwenye plasi ya kapsuli. Kapsuli niliyopima mimi inakula karibu mA 0.3, kwa hiyo rezista inashusha volti 3 na kapsuli inabaki na kama 5, inatosha vizuri. Kutoka kwenye pointi hiyohiyo, kati ya rezista na kapsuli, weka kapasita ya mikrofaradi 1 kwenda pini 1. Kazi ya kapasita ni kupitisha sauti na kuzuia zile volti zisiingie kwenye redio. Kama ni ya kemikali, upande wa plasi uangalie kapsuli. Ethi ya kapsuli pini 7. Swichi pini 2 na 8.

Kwa Yaesu yenye volti 5, tumia rezista ya kilo-ohmu 2.2 badala ya 10, vinginevyo kapsuli inabaki na kidogo mno.

Halafu kuna ujanja naupenda. Sauti ya mtu kwenye SSB (njia ya kurusha sauti tunayoitumia kwenye HF) inapita kwenye dirisha dogo, kuanzia kama Hz 300 hadi 2,700 hivi. Besi yote chini ya hapo haifiki kwa msikilizaji, lakini ikiingia kwenye redio inakula nguvu bure. Hedseti za kompyuta zina besi nyingi. Ukibadilisha kapasita ya mikrofaradi 1 ukaweka ya 0.1, kwa maiki ya ohmu 600 kama ya kwako na rezista ya kilo-ohmu 10, besi inaanza kukatwa kwenye Hz 150 hivi. Ukiweka 0.047, ni kwenye 300 na ushee. Gharama ni ya kapasita moja, na sauti inatoka kali, inakata kelele. Fungia kwanza ile ya 1, uzoee, halafu ulinganishe.

---

Bi_Mkunazini

Naomba kuuliza. Marehemu baba aliniachia hedseti ya rubani, nzito, masikio makubwa ya kijani. Inaweza kutumika kwenye Icom?

---

MawimbiMafupi

@Bi_Mkunazini shikamoo dada, na pole kwa msiba. Hicho ni kifaa cha kutunza. Masikio yatafanya kazi ila sauti itakuwa ndogo, kwa sababu ukinzani wake ni mamia ya ohmu wakati redio zetu zinategemea hedseti ya ohmu 8 hadi 32. Chumba kikiwa kimya utasikia. Maiki yake ni habari nyingine: nyingi zina kikuza sauti ndani kinachotaka volti 8 hadi 16, na zinatoa sauti kubwa kuliko redio inavyotarajia, lazima uipunguze kwa rezista. Plagi ya maiki nayo ina kipimo chake, ni nyembamba, haikai sawasawa kwenye tundu la milimita 6.35. Ushauri wangu: usikate waya ule. Tumia masikio, maiki tafuta nyingine ndogo uifunge kwenye mkono wake.

---

Mgeni_Hewani

Je, lazima leseni? Mimi nataka kusikiliza tu kwanza.

---

MawimbiMafupi

Anza kusikiliza, hakuna shule nzuri kama hiyo. Kurusha ni leseni kwanza, Tanzania ni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Usikanyage hata mara moja kabla ya hapo.

---

Waya_Mrefu

Mkuu, mimi hedseti inafanya kazi kwa wati 10. Nikipandisha hadi 100 kwenye mita 20 watu wananiambia sauti inakwaruza, kama naongea nikiwa ndani ya pipa la bati. Kwenye maiki ya zamani hakuna tatizo. Antena ni waya, mwisho wake unaingia dirishani moja kwa moja.

---

MawimbiMafupi

@Waya_Mrefu hiyo ni nguvu ya antena yako inarudi kwenye waya wa maiki. Waya wa hedseti una urefu wa kama mita mbili na mara nyingi hauna ganda la kusuka la ethi, kwa hiyo nao unakuwa antena. Transista ya kwenye kapsuli inaipokea na kuigeuza kuwa sauti, redio inairusha tena, inazunguka hivyohivyo.

Nilipambana na hili wiki mbili. Vitu viwili vilinimalizia. Cha kwanza, kapasita ya kauri ya nanofaradi 1, miguu mifupi kabisa, imelehemiwa moja kwa moja kwenye sehemu mbili za kulehemia mgongoni mwa kapsuli, ndani ya kile kichwa cha maiki. Lazima iwe palepale kwenye kapsuli. Nilipoiweka kwenye plagi haikusaidia hata kidogo. Cha pili, pete ya feraiti. Ile bonge nyeusi iliyo kwenye waya wa monita za zamani ni feraiti. Niliipasua ganda la plastiki nikaitoa, nikapitisha waya wa hedseti mara sita ndani yake, karibu na redio.

Ila kusema kweli tatizo la msingi kwako ni ule waya unaoingia dirishani. Ukiweza, sogeza mahali unapoilisha antena iwe nje, mbali na meza, ulete koaksi (waya wa antena wenye ganda la ethi) ndani. Mimi nilipofanya hivyo, kelele za taa za LED za majirani nazo zilipungua upande wa kupokea.

---

Kiko_Nakuru

Na kama unatumia hedseti moja kwa redio na laptop? Nikiunganisha zote mbili nasikia mvumo.

---

MawimbiMafupi

Ethi mbili zimekutana, ya chaja ya laptop na ya redio. Tafuta modemu ya zamani ya simu ya waya, ile ya kupiga namba. Ndani ina transfoma ndogo ya ohmu 600 kwa 600. Pitisha sauti humo, mvumo unakwisha kwa sababu hakuna tena waya unaounganisha ethi hizo. Transfoma hiyohiyo itakufaa siku ukianza FT8 (mawasiliano ya data kati ya redio na kompyuta).

---

Dipoli_Tanga

Wakuu nimerudi.

Nimefunga rezista na kapasita kama nilivyoelekezwa. Ile hatua ya kuchoma vanishi ilinishinda mara mbili, ya tatu nikaona ule mng'ao. Leo asubuhi nimeongea na Afrika Kusini na Oman kwenye mita 20. Wote wawili bila kuulizwa wamesema sauti inaeleweka kuliko wiki iliyopita. Gain (ukuzaji wa sauti) ya maiki nimepandisha kidogo, maiki nimeiweka pembeni ya mdomo, vidole viwili kutoka kwenye midomo, pumzi isiipige.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni upande wa kusikia. Kuna vile vituo vya kupima mawimbi kwenye 14.100 MHz, vipo 18 duniani, kila kimoja kinapewa sekunde 10, vinazunguka kila dakika tatu. Kila kituo kinatuma jina lake kwa Morse na mstari wa kwanza kwa wati 100, halafu mistari mingine mitatu kwa wati 10, wati 1 na wati 0.1. ZS6DN wa Afrika Kusini akimaliza anafuata 5Z4B wa Kenya. Kwa spika, ZS6DN nilikuwa nasikia mistari miwili. Leo nimevaa hedseti, nikafumba macho, nikahesabu mitatu. Wati moja kutoka Afrika Kusini hadi Tanga.

---

MawimbiMafupi

@Dipoli_Tanga nimefurahi sana. Sasa badilisha ile kapasita uweke 0.1, halafu fungua WebSDR (redio ya kupokea inayosikilizwa kwa intaneti) ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kwenye simu, urekodi sauti yako mwenyewe mchana mita 20 ikiwa wazi kwenda Ulaya. Rekodi na ile ya 1 pia. Tupia zote mbili hapa tusikilize tofauti.

---

Dipoli_Tanga

Kesho saa nane mchana. Nitakuwa 14.250 kwenda juu kidogo, kama kuna mtu hapo. Aliye na redio asikilize.